Mikoko Iliyopandwa kama Muhogo

Mti wa mkoko huzaa mtoto aliyekwisha kuota. Mimi niliikata mikoko ya hori letu la Jego, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa miaka sita, nikiwapelekea wajenzi boriti, na jambo hilo sikuwahi kulijua. Nililijua nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nimekaa kwenye benchi la shule ya ngumbaru bega kwa bega na mamangu mzazi, ambaye kwa herufi alikuwa amenipita mbali sana.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kila mtu alitaka kusoma. Aliyekuwa hasomi alikuwa anajenga darasa la wanaosoma. Shule yetu ilikuwa banda la kukaushia mbata, na baada ya magharibi tulitoka humo tumenuka nazi hata mbuzi wakatufuata mpaka majumbani. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Waa, mwembamba, mwenye adabu ya kupindukia. Kwa kuwa wanafunzi wake wote walimzidi umri, kila akiingia alituamkia shikamoo mmoja mmoja. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, nyumbani je, wazima, na ng'ombe je, nao wazima. Naapa kuna jioni tulifundishwa herufi moja tu, na muda ukaisha kabla hatujaimaliza.

Ng'ombe walioulizwa hali walikuwa wa mfugaji mmoja wa Kiduruma aliyeteremka kutoka bara kavu mwaka wa kiangazi, akasema amekuja kwa wiki mbili. Ule ulikuwa mwaka wa tatu. Alikuwa mtu mkubwa. Akikaa upande wake wa benchi, sisi wa upande wa pili tulinyanyuka. Alitaka kujua kusoma ili avisome vibali vya kusafirishia ng'ombe kabla ya kuvitia kidole gumba. Muhogo aliujua kama kiganja chake, lakini bahari aliiogopa. Aliniambia hawezi kuyaamini maji yanayokuja mahali bila mvua.

Siku moja mwalimu alitupa kazi: kila mtu aandike ubaoni kitu kimoja ambacho alikiona kingi utotoni na sasa kimepungua. Mfugaji aliandika "nyasi", akajaza ubao mzima. Mzee mmoja aliandika "meno", tukacheka. Mamangu alinyanyuka, akajifunga leso vizuri, akaandika "mpunga".

"Mpunga wa nani, mama?" akauliza mwalimu.

"Wangu. Majaruba yangu yako chini, karibu na hori. Mwaka juzi bamvua, bahari ilipojaa kupita kawaida, liliingia jaruba moja. Mwaka jana likaingia matatu. Mpunga ukaungua kama uliomwagiwa maji ya moto. Likiingia tena mwaka huu, mimi nafunga mkeka wangu naenda Matuga kwa ndugu yangu. Amekwisha nijengea chumba."

Habari ya chumba sikuwa nayo. Niligeuka kumtazama, lakini yeye alikuwa anapangusa chaki kidoleni.

"Na zamani maji yalikuwa hayaingii?"

"Zamani kulikuwa na mikoko mbele yake."

"Mikoko imekwenda wapi?"

Banda zima, watu ishirini na kitu, waligeuza shingo wakanitazama mimi. Hata ile taa ya karabai naona iligeuka. Nilijaribu kutazama nyuma, kana kwamba na mimi namtafuta mtu huyo, lakini nyuma yangu palikuwa na mbata tu.

Mwalimu alikuwa na wema wake. Hakuniuliza mbona nilikata. Aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: "Kwani mkoko unazuiaje maji? Mti wenyewe umesimama juu ya miguu kama kaa, na katikati ya miguu maji yanapita. Mimi ni mtu wa Waa, kwetu ni mashamba. Sijui. Nani anajua?"

Hakuna aliyejua. Mamangu alijua kwamba unazuia, mimi nilijua kwamba unakatika, na kati ya hayo mawili palikuwa patupu. "Basi," akasema mwalimu, "Jumamosi maji yakipwa, twende tukaangalie."

Tulikwenda, darasa zima, madaftari yetu kichwani. Nilikuwa nimeingia hori lile mara elfu mia na shoka, lakini sikuwahi kuingia na daftari, na nakwambia mahali hubadilika. Palipokuwa na mikoko imesimama, tope lilikuwa gumu, limejaa majani na matawi yaliyonaswa katika ile miguu, ukikanyaga unazama mpaka kifundo tu. Palipokuwa na visiki vyangu, mfugaji alizama mpaka mapajani, tukamtoa kwa kumvuta watu sita. "Hapa pamelegea," akasema akihema. "Hapa ni uji." Mwalimu akaandika: hapa ni uji.

Kisha mamangu akaita. Alikuwa amesimama chini ya mkoko mmoja mzima, ameshika kitu kilichoning'inia, cha kijani, kirefu kama shibiri na nusu, chembamba, chenye ncha. Mimi siku zote nilikiona kama ganda la kitu, nikikipuuza kama unavyopuuza kucha za mtu mwingine.

"Tazameni. Hili ni tunda, na hapa juu ndipo lilipoanzia. Lakini hili refu lililotoka ni mche. Umeota ukiwa bado mtini! Mama hamwachi mtoto mpaka awe na mguu wa kusimamia." Akanitazama. "Wengine wanapewa mguu, wanakwenda kununulia shoka."

Hapo nikashikwa na udadisi, sijui niuite ugonjwa. Nilibeba miche miwili nyumbani, nikaitia katika mikebe miwili ya samli, mmoja maji ya bahari, mmoja maji ya kisima, nikaiweka chini ya kitanda changu. Asubuhi kabla ya kunawa uso nilichungulia. Jioni nikachungulia. Nilitaka kujua upi utaanza kutoa mizizi na kama ule wa maji matamu utakasirika. Mamangu akifagia aliikuta.

"Mwanangu, umeanza uganga?"

"La, mama. Najifunza."

"Chini ya kitanda?"

"Ni kivuli, mama."

"Na huyu wa kushoto amelowekwa kwenye nini?"

"Maji ya kisima."

Akachutama, akaitazama mikebe kwa muda. "Mbona huyu ndiye aliyetangulia kutoa kamzizi?" Kumbe na yeye ameshikwa. Tangu siku hiyo tukawa tunachungulia wawili. Yote miwili iliota, wa kisima na wa chumvi, na mpaka leo sijui kwa nini mti unaoweza kunywa maji matamu ukachagua kukaa baharini. Nimewauliza watu wengi waliosoma kunizidi, na kila mmoja amenipa jibu tofauti kwa uhakika ule ule.

Darasa liliazimia: tutajenga tuta la udongo mbele ya majaruba, na mbele ya tuta tutapanda mikoko, ili tuta lisimame sasa na mikoko ije kulishika baadaye. Siku hizo za harambee, kuazimia hakukuwa kazi. Kazi ilianza mzee wa "meno" alipouliza swali.

"Nani anatualika?"

Yafaa nieleze. Kwetu kazi ya pamoja huitwa mweria. Mwenye shamba huwaalika watu, watu huja na majembe yao, hulima, na mwenye shamba hupika. Bila mwenyewe hakuna mwaliko, bila mwaliko hakuna chakula, na mtu anayekwenda na jembe mahali asipoalikwa huonekana kama anataka kulichukua. Sasa, hori lilikuwa la nani?

"La serikali," akasema mmoja.

"Basi serikali ipike."

"La Mwenyezi Mungu."

"Naye ametupikia miaka yote, sasa ni zamu yetu."

Walibishana hivyo hata chaki ya mwalimu ikavunjika mkononi. Mtu akapendekeza kila mmoja aje na chakula chake. Wazee wakaguna: hiyo si mweria, hiyo ni safari. Nikaona azimio letu linalala pale pale, limezibwa na sufuria.

Mamangu akasimama. "Mimi nawaalika. Jumamosi ijayo. Nitapika."

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilijua nyumbani kuna mpunga wa namna gani. Baada ya chumvi ya mwaka uliotangulia kulikuwa na kapu moja tu, nalo lilikuwa limefungwa mdomo kwa ukindu na kutundikwa darini. Kapu la mbegu.

Njiani nikamwambia, "Mama, ule ni wa kupanda."

"Najua."

"Ukipikwa hauoti."

"Lo! Ngumbaru imekusaidia." Akatembea kidogo. "Nikiupanda na maji yakaingia, utaoza. Nikiupika na tuta likasimama, nitakuwa na shamba lisilo na mbegu. Bora nililie mbegu kuliko nililie shamba. Mbegu huombwa. Umepata kumwona mtu akiomba shamba lisilo na chumvi?"

Shoka nililipandisha darini mahali pale pale kapu lilipoteremka, nami tangu siku hiyo nikawa mkwezi wa kuangua nazi. Mamangu naye siku ya kupika alinipa ukoko wa wali, nao haupati mtu yeyote tu.

Jumamosi walikuja watu wengi hata nikadhani Vanga nzima imehamia kwetu. Wali ulinukia mpaka, nasema bila kuona haya, wavuvi waliokuwa nje ya mwamba waligeuza vyombo. Tulichimba, tulibeba, tulishindilia udongo kwa miguu tukiimba. Miche tuliyookota wiki nzima ikagawanywa. Mwalimu alionyesha mara moja: ncha chini, shimo la kidole, usichimbue tope, choma tu. Kisha akasema neno ambalo baadaye alilijutia: "Miche haitutoshi, kila mtu ajitahidi kuieneza."

Mfugaji alipewa upande wa kusini wa tuta, hatua kama arubaini, pamoja na jamaa zake wawili waliokuja kumtembelea. Alichelewa kula. Alipokuja alikuwa na furaha kama bwana harusi. "Upande wangu haukupungukiwa," akasema. "Hata imebaki."

Nilikwenda kutazama, kwa udadisi tu. Mpaka leo nikikumbuka huanza kucheka kabla sijafika mwisho. Mwenzetu alikuwa ameikata miche vipande vitatu vitatu, sawasawa, kwa panga kali, kama tunavyokata vijiti vya muhogo. Alikuwa amevilaza upande, vimeinama kidogo, macho yametazama juu. Tena, kwa kuwa muhogo hautaki kuoteshwa ardhi iliyokazana, alikuwa amelichimbua tope lote chini ya tuta akapiga matuta madogo madogo, mazuri, yamenyooka kama mistari ya daftari. Lilikuwa shamba la muhogo kamili, ila liko baharini.

"Nimefanya moja kuwa tatu," akaniambia, jasho linamtiririka.

Ningesema nini? Mgeni ameacha ng'ombe wake, ameiogopa bahari na bado ameingia, amefanya kazi kuliko sisi wenyeji wawili ukitujumlisha. Na katika mweria, mkono wa mtu aliyealikwa haufumuliwi mbele ya macho yake. Ni kumfukuza. Nikamweleza mwalimu kwa kunong'ona. Mwalimu akaenda, akaona, akafumba macho, akamwambia mfugaji, "Ahsante sana, baba. Mistari imenyooka." Mamangu naye akaenda. Akarudi akaniambia, "Akishaondoka kurudi kwao tutapanda upya. Mvua zikianza kule bara hatakaa."

Mvua zikaanza kule bara. Akakaa. Akasema ng'ombe wamependa hewa.

Vipande vyake vikaoza kimoja kimoja. Nilikuwa nakwenda kuvitazama kila siku ya pili. Vya katikati na vya chini vilikufa vyote. Vya juu, vichache, vilibaki vya kijani wiki kadhaa, nikawa na tamaa ya ajabu. Mfugaji naye alikuwa akija. Akaniuliza, "Wako umekwisha toa majani, wangu mbona umelala?" Nikamwambia kila mmoja ana tabia yake. Uongo huo nauweka katika ile orodha ya uongo nitakaoulizwa siku ya kiyama.

Wakati wa kupanda ulipofika, mamangu alisafisha majaruba kana kwamba mbegu ipo. Sikujua anangoja nini. Asubuhi moja akaja yule mzee wa "meno" na kibaba cha mpunga ndani ya kofia. "Ule wali," akasema, "niliposikia ulikuwa mbegu, haukushuka vizuri." Akaja mwingine. Mfugaji alileta pishi nzima, sijui aliipata wapi, na yeye si mkulima wa mpunga. Mpaka adhuhuri mkeka ulijaa mpunga wa rangi saba, mrefu kwa mfupi, mwekundu kwa mweupe. Mamangu akaupanda wote mchanganyiko. "Mwaka huu," akasema, "shamba langu litafanana na darasa letu."

Mpunga ukafika magotini. Ndipo lilipokuja bamvua.

Siku hiyo maji yalianza kupanda mchana, na kufika saa kumi alasiri yalikuwa yamefika kifuani mwa tuta na bado yanakuja. Upepo uliyasukuma. Wanafunzi walikuja bila kualikwa, wamebeba majembe, magunia na makuti. Kwa upande wa kaskazini tuta lilitulia. Miche yetu ilikuwa na majani manne tu, na siwezi kukudanganya kwamba majani manne yalizuia bahari. Kilichozuia ni lile tope ambalo hakuna aliyelichimbua.

Upande wa kusini kulikuwa na uji. Maji yaliyameza yale matuta ya muhogo moja baada ya jingine, yakala mguu wa tuta, na mbele ya macho yetu pakafunguka pengo la upana wa mlango. Bahari ikaingia jaruba la kwanza ikipiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule.

Mamangu alisimama kwenye njia, mkono mdomoni. Hakupiga ukelele. Nilimwona anaangalia upande wa Matuga.

Mfugaji alilitazama pengo, akaitazama mistari yake iliyokuwa haipo tena, akatutazama sisi. Akaelewa yote kwa mara moja, na kile tulichomficha pia.

"Mbona hamkuniambia?" akauliza.

Hakungoja tumjibu. Akavua kanzu, akaingia, yule mtu aliyeogopa maji yasiyo na mvua, akakaa. Akakaa pengoni kama anavyokaa kwenye benchi, mgongo umeelekea bahari, na nakuapia maji yalirudi nyuma kutafuta njia nyingine. "Leteni udongo!" akanguruma. "Mimi sina siku nyingi humu!" Tukamjengea kushoto, tukamjengea kulia, makuti, magunia, matope, mwalimu amepoteza viatu. Wimbi likimpiga mgongoni alipiga shahada, na yeye si Mwislamu. Tulipomtoa, maji yalikuwa yameanza kupungua, na katika tuta palibaki umbo lake, ambalo watu walikuja kulitazama muda mrefu baadaye.

Mamangu hakungoja. Aliingia jaruba la kwanza, akachovya kidole, akaonja, akatema. La pili akaonja, akakunja uso, akatema. La tatu akaonja, akasimama. Akachota kwa kiganja, akanywa. La nne akanywa. La tano hakuonja tena.

"Haya yanywewa," akasema.

Mfugaji alikuwa amekaa chini, matope mpaka nyusi. "Mama, nisamehe. Ni muhogo wangu."

"Majaruba mawili yamekwenda," akasema mamangu. "Manne yapo. Wewe umekuwa tuta zuri kuliko hilo tulilojenga. Jumamosi nakualika tena, uje tupande pale kusini. Na mara hii," akatugeukia mimi na mwalimu, "atakayeona kosa aseme, hata kama aliyelifanya ni mgeni wa Sultani."

Baada ya wiki aliniita nimpelekee barua kaka yake Matuga. Aliiandika mwenyewe, barua yake ya kwanza, ikachukua siku mbili na penseli moja nzima. Nilipofika, mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa kile chumba kipya, chokaa haijakauka vizuri. Nilimwamkia, akapokea karatasi, akaigeuza, akanirudishia nimsomee kwa kuwa yeye hakujaliwa ngumbaru.

Nikasoma: "Ndugu yangu, shikamoo. Chumba weka mbuzi. Mimi siji. Mpunga upo. Mikoko ina majani sita."

Mjomba akaniuliza, "Mikoko na yeye wana uhusiano gani?"

Nilikuwa nao mche mmoja mfukoni, siku hizo nilikuwa natembea nao kama wenzangu wanavyotembea na kitana. Nikautoa nikampa. Akaugeuza huku na huku, akaunusa, akauangalia kwa jicho moja.

"Juu ni wapi hapa," akauliza, "na chini ni wapi?"

Nikavuta kigoda nikakaa.